Mita Tatu za Mwisho

Mnywaji akiletewa kikombe cha kegi, bia ya pipa, ambacho nusu yake ni povu, lawama huenda kiwandani Kisumu. Atasema kiwanda kimeharibu pombe, au lori liliachwa juani kutwa nzima, au mtama wa msimu huu haukukauka vizuri. Mwenye baa humwaga povu kwenye ndoo na kujaza tena, na kila ndoo inayomwagwa ni hasara yake mwenyewe. Malalamiko haya yamezoeleka kutoka Oyugis hadi Isebania, na mara nyingi anayelaumiwa hana kosa lolote.

Bia iliyofungwa ndani ya pipa la chuma haiharibiki kirahisi. Mwanga hauifikii, hewa haiingii, na gesi iliyomo haina pa kutokea. Inaweza kusafirishwa kilomita mia na ushei kutoka Kisumu hadi Homa Bay, au ikapita Kisii na kuteremka Rongo, Awendo na Migori, na ladha yake isibadilike kwa namna ambayo mnywaji wa kawaida ataitambua. Mambo hugeuka pale inapofunguliwa. Kati ya mdomo wa pipa na kikombe kuna mpira mwembamba wa mita tatu hivi na mfereji mmoja, na hapo ndipo joto, presha na uchafu hukutana. Pombe iliyolindwa tangu shambani huharibikia mita hizo tatu, na anayetaka kuinywa nyumbani ikiwa safi na baridi ana kazi ya kuzitengeneza. Chombo kinachomfaa zaidi kwa kazi hiyo kinapatikana tele kando ya Ziwa Victoria: friza kuukuu ya kulala, ile ambayo mchuuzi wa samaki ameiuza ili anunue kubwa zaidi.

Kwanza, pipa lenyewe lilifikaje hapa? Novemba 2000, watu zaidi ya 130 walikufa Nairobi baada ya kunywa kumi kumi, pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Wengine walipofuka. Msiba huo uliacha swali ambalo serikali haikuweza kulikwepa: mtu mwenye shilingi chache mfukoni atakunywa nini ambacho hakitamuua? Jibu lilikuja mwaka 2004, serikali ilipokubali kuondoa ushuru kwenye bia ya bei ya chini na Kenya Breweries ikaingiza sokoni Senator. Chupa iliachwa. Pombe ikajazwa kwenye mapipa ya chuma ya lita 50, ikauzwa kwa kikombe, na gharama ya chupa, kizibo na karatasi ya jina ikatoweka kwenye bei. Mtama unaolimwa nchini ukachukua nafasi kubwa katika utengenezaji wake, na shamba la mkulima mdogo likawa na mnunuzi mpya.

Mwaka huohuo, Barack Obama alichaguliwa kuingia Seneti ya Marekani kutoka jimbo la Illinois. Wakenya hawakuchelewa kuunganisha mambo mawili: bia ikaitwa Obama, na katika baa nyingi mtu aliagiza "Obama moja" akaeleweka. Kwa Homa Bay jina hilo lilikuwa na uzito wake. Babu yake seneta, Hussein Onyango Obama, alikuwa mtu wa upande wa Kendu Bay kabla ya kuhamia Kogelo, Siaya.

Bei ya kikombe, hata hivyo, imefungwa kwenye kamba ya ushuru, na kamba hiyo huvutwa kutoka Nairobi. Mwaka 2013 serikali iliirudishia kegi nusu ya ushuru wa kawaida. Bei ilipanda, mauzo yakaporomoka, na waliokuwa wamepanda mtama kwa ajili ya kiwanda wakabaki na magunia bila mnunuzi. Mwaka 2015 msamaha ulirejeshwa hadi asilimia 90, baadaye ukashushwa kuwa 80. Kiwanda cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa miaka mingi, kilijengwa upya na kuanza kazi tena mwaka 2019, kikitegemea mtama wa Siaya, Kisumu, Busia, Homa Bay na Migori. Mkulima wa Ndhiwa au Nyatike anayekesha akiwaza ndege watakaovamia masuke yake asubuhi anaitengeneza bia hii sawa na mtu yeyote aliyevaa koti jeupe kiwandani. Kwa sababu hiyo inauma kuona jasho lake likimwagwa kwenye ndoo ya povu.

Bia ya mtama si ngeni Nyanza Kusini, na ya zamani haikuhitaji baridi. Wazee wa Kiluo walikaa duol, nyumba ya mwenye boma, wakazunguka chungu cha kong'o, kila mmoja na oseke yake, mrija mrefu wenye kichujio nchani. Maji ya moto yaliongezwa chunguni na pombe ikanyweka ikiwa na uvuguvugu. Ilikuwa sahihi. Kong'o ni nzito, ingali inachacha, na gesi yake ni kidogo. Joto linaifungua harufu na halimpunguzii mnywaji chochote. Kegi ni jamii ya laga, pombe nyepesi iliyochujwa ikang'aa, na uhai wake wote umo katika gesi iliyoyeyuka ndani yake. Ipashe joto, gesi itakimbia yote kwa mkupuo. Hilo ndilo povu.

Uhusiano wa laga na baridi ni wa ndani kiasi kwamba mashine ya kupoza yenyewe ililelewa na watengenezaji wa bia. Mhandisi Mjerumani Carl von Linde alipohitaji mahali pa kujaribia mashine yake ya kwanza mwaka 1873, aliyempa nafasi alikuwa Gabriel Sedlmayr, mwenye kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich. Kabla ya hapo watengenezaji wa bia wa Bavaria walikata barafu majira ya baridi na kuihifadhi kwenye mahandaki. Friza inayogandisha mbuta huko Mbita au Sori leo ni kitukuu wa mashine iliyobuniwa kwa ajili ya bia, na kuigeuza iwe ya bia ni kuirudisha kwao.

Marekani ndiko mageuzi haya yalikoenea zaidi. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa kodi ya serikali kuu kwa bia iliyotengenezwa nyumbani kwa matumizi ya familia, na hobi iliyokuwa imejificha ikatoka hadharani. Kampuni za soda zilipoacha kutumia mapipa membamba ya chuma ya lita 19, yale yaliyotengenezwa na kampuni ya Cornelius, watengenezaji wa nyumbani waliyanunua kwa bei ya vyuma chakavu na kuyapanga ndani ya friza. Kenya hali ni tofauti. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu waliyoizoea kama sheria ya Mututho, inadai leseni kwa anayetengeneza na kwa anayeuza. Kwa hiyo friza ya Migori hujengwa kwa ajili ya pipa lililonunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, na ukubwa wa pipa hilo ndio unaoamua kila kitu.

Pipa la lita 50 lina kimo cha sentimita 53 hadi 60 kulingana na umbo lake, na kichwa cha kuunganishia mpira huongeza kama sentimita 10 juu. Likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 60, ambao mtu mmoja hapaswi kuunyanyua na kuuteremsha ndani ya sanduku lenye kina. Friza nyingi za kulala zina kigongo ndani, upande mmoja, mahali kompresa ilipofichwa. Mnunuzi makini huenda sokoni na futi, akapima sakafu ya ndani bila kuhesabu kigongo hicho, kisha akauliza kama friza inagandisha maji usiku mmoja. Kutu ya nje haina neno. Mafuta chini ya kompresa ni dalili ya kuvuja, na hiyo aachiwe mwenyewe.

Friza ya kulala inalishinda friji la kusimama kwa jambo moja kubwa. Hewa baridi ni nzito, na mlango wa juu ukifunguliwa haimwagiki; hukaa ndani kama maji ndani ya beseni. Friji la kusimama humwaga baridi yake miguuni mwa anayelifungua.

Jaribu la kwanza la kila fundi asiyeijua kazi hii ni kutoboa ubavu wa friza ili apitishe mfereji. Afanye hivyo na huenda ameiua. Katika friza nyingi za kulala, mabomba yanayotoa joto nje yamefichwa ndani ya kuta, kati ya bati na sponji, na hayaonekani kutoka upande wowote. Ncha ya drili ikiligusa bomba, gesi yote hutoka kwa mluzi mmoja mrefu. Isitoshe, friza nyingi za miaka ya karibuni hutumia isobyuteni, inayoandikwa R600a kwenye kibandiko cha nyuma karibu na alama ya moto, na hiyo ni gesi inayowaka. Cheche ya drili na isobyuteni ndani ya chumba kimoja si mchanganyiko wa kujaribiwa.

Kuna njia ya kuyaona mabomba bila kuyagusa, na inapendeza kuitazama. Friza huwashwa ikiwa tupu na ya moto, ili kompresa ifanye kazi kwa nguvu. Kijiko cha wanga wa mahindi hukorogwa kwenye spiriti ya dukani hadi kuwa uji mwepesi, kisha hupakwa ubavuni kwa brashi huku moto wa aina yoyote ukiwa mbali. Kwa muda mfupi ubavu wote huwa umelowa kijivu. Halafu mstari mweupe hujitokeza, mwembamba, ukikimbia kutoka kona hadi kona. Chini yake wa pili, kisha wa tatu, ukipinda na kurudi. Pale penye bomba bati lina joto, spiriti hukauka mapema, na wanga hubaki mweupe. Baada ya dakika chache ramani nzima ya mabomba imejichora, na fundi anaweza kuifuatisha kwa kalamu kabla haijafutika.

Wengi wakishaiona ramani hiyo huamua kutotoboa ubavu kabisa, na huo ndio uamuzi bora. Badala yake humwita seremala. Kazi yake ni kuunda fremu ya mbao inayokaa kati ya sanduku na mfuniko: mbao nne za inchi 2 kwa 8, saipresi iliyokauka sawasawa, zilizounganishwa kwenye pembe zikafuata ukingo wa friza bila kuzidi wala kupungua. Mfuniko hufunguliwa bawaba zake na kufungwa juu ya fremu. Ndani ya mbao hubandikwa vipande vya sponji ngumu ya kuzuia joto, na nyufa zote huzibwa kwa silikoni. Fremu hutoa faida mbili kwa pamoja. Inaongeza kimo, hata pipa lililokuwa limepungukiwa na nafasi ya kichwa likatosha; na inampa fundi mahali pa kutoboa bila hofu, tundu la inchi moja la mfereji mbele na dogo la mpira wa gesi nyuma. Siku friza ikifa, fremu hufunguliwa na kuhamishiwa nyingine. Mbao mbichi, na hili seremala yeyote wa Rongo analijua, itapinda ndani ya mwezi na kuacha mwanya utakaovuja baridi usiku kucha.

Sasa baridi. Friza imeundwa ishuke hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, na bia huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Ikiachwa ijiendeshe itaganda pipani, itavimba, na kukisukuma chuma. Dawa ni kidhibiti joto cha nje, kisanduku kidogo chenye namba nyekundu na waya wa kupimia, kama kile cha bei nafuu kinachojulikana kwa jina STC-1000. Friza huchomekwa kwenye kidhibiti, na kidhibiti ndicho huchomekwa ukutani. Joto likishuka hadi nyuzi 4 hukata stima. Joto likipanda nyuzi moja au mbili huirudisha. Kifaa hiki huuzwa bila kava na bila plagi, kwa hiyo nyaya zake za volti 240 ziunganishwe na fundi wa stima ndani ya boksi lililofungwa, mbali na maji.

Mambo mawili madogo huamua kama kidhibiti kitaisaidia kompresa au kitaichosha. Ncha ya waya wa kupimia isininginie hewani, kwa kuwa hewa hubadilika joto kila mfuniko unapofunguliwa na kompresa itawaka na kuzimika bila kupumzika. Ibandikwe ubavuni mwa pipa na kufunikwa kwa kipande cha sponji, ili isome joto la bia yenyewe. Kisha kichelewesho, ambacho vidhibiti vingi vinacho, kiwekwe dakika 5, muda ambao presha ndani ya mabomba huhitaji kutulia kabla ya kompresa kuwaka tena. Hapa stima hukatika na kurudi mara tatu kwa jioni moja, na friji gadi ukutani ni ya lazima.

Kupoza lita 50 kunahitaji subira ambayo wenye sherehe hawana. Kuishusha bia kutoka nyuzi 28 hadi 4 ni kuondoa joto la kilojuli 5,000, sawa na uniti 1.4 za nishati. Friza ya kawaida ya nyumbani huliondoa kwa saa 10 hadi 14. Pipa linaloingia asubuhi ya harusi litanywewa vuguvugu. Linaloingia jana yake litakuwa tayari. Likishapoa, wingi huohuo wa maji unageuka kuwa akiba. Kwa makadirio, stima ikipotea saa sita na mfuniko usifunguliwe, bia itapanda nyuzi mbili au tatu tu. Mwenye friza hii ana sababu chache za kuogopa giza kuliko jirani yake mwenye samaki. Matumizi ya stima nayo hushuka, kwa kuwa kukaa nyuzi 4 juu ya sifuri kunahitaji chini ya nusu ya nguvu ya kukaa nyuzi 18 chini yake.

Gesi inayoisukuma bia ina safari yake. Kaboni dayoksaidi ya Kenya huchimbwa ardhini: kampuni ya Carbacid, iliyoanzishwa mwaka 1961, huivuna kutoka visima vya asili vya Kereita, Lari, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako pumzi ya volkano za kale ingali ikipanda. Hiyohiyo ndiyo inayochemka kwenye soda. Mwenye baa asiyekuwa nayo hutumia pampu ya mkono, na pampu husukuma hewa ya kawaida ndani ya pipa. Hewa ina oksijeni. Kwenye baa yenye wateja wengi hakuna madhara, pipa huisha siku hiyohiyo. Nyumbani, bia iliyopampiwa hewa huanza kuchakaa ladha kesho yake. Kwa gesi safi na baridi thabiti, pipa hudumu wiki kadhaa.

Presha ngapi? Majedwali yote ya nje husema psi 12 kwa bia ya nyuzi 4, na anayeyafuata Homa Bay bila kufikiri atapata bia inayopoteza gesi kidogo kidogo na kupungua uhai. Majedwali hayo yameandikwa kwa usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu yake, hewa hapa ni nyepesi, na geji husoma tofauti kati ya presha ya ndani ya pipa na hewa hiyo. Nyongeza ya psi 2 hurekebisha hesabu: 14 kwa Homa Bay, na zaidi kidogo kwa Migori mjini, palipoinuka. Jedwali hilohilo huonyesha kwa nini baridi haina mbadala. Kuizuia gesi ileile isitoroke kwenye bia ya nyuzi 28 kungetaka psi 36, mara tatu ya presha, na hakuna mpira mwembamba utakaoituliza bia inayotoka kwa nguvu hiyo.

Mpira ndio breki. Bia ikitoka kwenye psi 14 moja kwa moja hadi kikombeni itapasuka yote kuwa povu. Ikilazimishwa kupita mpira wenye tundu la milimita 5 kwa mita tatu, msuguano huila presha hiyo polepole na bia hufika mfereji ikiwa imetulia. Ndiyo sababu ya urefu huo, na anayeukata mpira kwa kuona umezidi anajikatia breki. Mpira wote hukunjwa juu ya pipa, ndani ya baridi. Hata hivyo sehemu ya juu ya friza huwa na joto kuliko chini, na kikombe cha kwanza hutoa povu kwa sababu mfereji haujapoa. Feni ndogo ya kompyuta kuukuu, ikilazwa chini na kuelekezwa juu, huichanganya hewa na kumaliza shida hiyo kwa gharama isiyotajika. Unyevu wa ziwani utalowanisha kuta za ndani. Kitambaa kikavu kila wiki huzuia ukungu.

Mtungi wa gesi unahitaji heshima. Kwenye nyuzi 20 presha ndani yake ni kama bar 57, lakini kaboni dayoksaidi ikivuka nyuzi 31 haiwezi tena kubaki kimiminika, na presha hupanda kwa kasi kadiri joto linavyoongezeka. Mchana wa Homa Bay hufika huko mara kwa mara. Mtungi uliojazwa kupita kiasi na kuachwa juani nyuma ya pikapu unaweza kufyatua vali yake ya usalama. Ukae kivulini, ukisimama wima, umefungwa mnyororo.

Hatari kubwa zaidi haina sauti wala harufu. Kilo 5 za gesi hiyo hutoa lita 2,700 na zaidi zikitoka mtungini. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, madirisha yakiwa yamefungwa, hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya hewa yote, kiwango kinachoweza kumzimisha mtu kwa dakika chache. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, alipolala mtoto. Friza hii haifai kuwekwa chumba cha kulala. Mahali pake ni veranda au chumba chenye tundu la hewa karibu na sakafu, na kila kiungo hupakwa maji ya sabuni siku ya kwanza: penye mapovu panavuja. Mtungi wa kilo 5 husukuma mapipa 20 na ushei, hivyo ukiisha baada ya mawili, gesi imekuwa ikienda mahali pengine.

Kinachobaki ni usafi, na wengi hupuuza hapo. Ndani ya mpira hukua utando wa bakteria na hamira mwitu, na juu yake hujengeka mawe meupe ya chokaa ya bia. Ndiko unakotoka uchachu ambao mnywaji huutupia kiwanda. Kanuni ya wenye kazi ni kila siku 14: dawa ya alkali ya kusafishia mabomba ya bia, asilimia 2, izungushwe mpirani dakika 15, kisha maji safi hadi utelezi uishe. Kila miezi mitatu dawa ya tindikali huyayeyusha yale mawe. Mfereji hufunguliwa na kusuguliwa kwa brashi ndogo. Mpira uliogeuka manjano hausafishiki, hubadilishwa.

Friza ikishakamilika, mwenyewe bado ana mambo na sheria. Kunywa na wageni wake nyumbani ni jambo moja. Akianza kupokea hela kwa kikombe amefungua baa, na baa huhitaji leseni ya kaunti, hufuata saa za sheria, kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na haimhudumii aliye chini ya miaka 18. Mfereji uliopo nyumbani daima huwa wazi kwa watoto pia, kwa hiyo wenye busara huweka kufuli kwenye mfuniko na mfereji wenye ufunguo. Pipa lenyewe ni mali ya kampuni ya bia, hata likikaa kwa mtu mwaka mzima, na kulikata liwe sufuria ni kuharibu mali ya mwingine. Likiisha hurudishwa kwa msambazaji pamoja na risiti ya amana, na siku hiyohiyo, kabla jipya halijafungwa, mpira husafishwa.